Nilifundishia Asali ya Ruracio

Wenzangu, kosa ni langu. Nisimsingizie shetani, siku hiyo hakuwa hata karibu! Jina sitaandika, kwa sababu hapa Kiuu nikipita kununua nyanya watu tayari wanachekea mkononi.

Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ndogo ya kibinafsi. Nilikuwa namchumbia msichana wa Thika, nitamwita Nyambura. Nilimpenda, na bado nampenda, jamani! Ruracio, yaani sherehe ya mahari, ilikuwa imekaribia, na mjomba wangu alikuwa ametafuta ndoo ya asali safi ya kuwapelekea wazee wa kwao kabla ya mazungumzo ya mahari. Akaniachia niitunze. Mimi!

Wiki hiyo Gredi ya Sita walikuwa wanasoma vimiminika vizito na vyepesi. Unamimina asali kwenye glasi, juu yake sabuni ya vyombo, kisha maji, kisha mafuta ya kupikia, na kila kimoja kinakaa mahali pake bila kusukumana. Asali nitatoa wapi? Si iko chini ya kitanda changu! Nikachota kikombe kimoja tu.

Heri ningeishia hapo! Watoto walipiga makofi, darasa la jirani nalo likataka kuona, kisha mkurugenzi akasema turudie wazazi wakija. Watoto walilamba vijiko, nami sikuwa mtakatifu. Kufikia Ijumaa ndoo ilikuwa nusu.

Mtu mwenye akili angempigia mjomba simu. Mimi niliunguza sukari mpaka ikawa kahawia, nikaongeza maji, nikamwaga ndani ya ndoo na kukoroga. Rangi ilikubali kabisa! Nyambura akapiga simu nikiwa bado jikoni, akauliza napika nini. Badala ya kukiri, nikamfundisha: sukari ikishaungua hairudi tena kuwa sukari, hilo ni badiliko la kikemia. Akacheka, akaniita mwalimu wake.

Jumamosi tukafika kwao. Wazee wakaketi, nyama ikinukia nyuma ya nyumba. Cucu yake, yaani nyanya aliyemlea, akaitisha glasi ya maji na kudondosha asali ndani. Asali ya kweli hushuka ikatulia chini. Yetu ilitawanyika mara moja, maji yakawa kama chai ya rangi.

"Haiya!" akasema cucu. "Hii ni asali gani?"

Lakini mzee mmoja wa kwao akaniokoa bila kujua.

"Wachana na asali, cucu. Ni maji ya hapa, iko na chumvi. Asali haiskizani na maji ya chumvi."

Wazee wakakubali. Mjomba akashusha pumzi. Nilikuwa nimepona! Kilichobaki ni kunyamaza tu.

Nikasimama.

"Samahani, mzee," nikasema. "Chumvi huongeza tu uzito wa maji. Haiwezi kuyeyusha asali haraka hivyo. Hiyo ni sukari iliyoungua."

Cucu akanigeukia polepole.

"Na wewe umejuaje iliungua?"

Woi! Nikaitazama ndoo, mjomba naye akanitazama mimi.

Hatukufukuzwa. Tuliambiwa kwa heshima turudi siku tutakayopata asali. Nyama hatukuionja. Mjomba alibeba ndoo yake hadi stendi bila kunisemesha, na mpaka leo hanisemeshi. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza ukoo mzima.

Jioni Nyambura akanipigia akilia.

"Cucu ameniambia nimewaletea mwizi. Mbele ya wazee wote!"

"Nisamehe, mpenzi. Nitatafuta ingine, tutarudi."

Kisha akasema, "Mwalimu, nikuulize kitu. Sukari ikishaungua, inaweza kurudi?"

Nilijua anachouliza. Naapa nilijua! Hata mtoto wa chekechea angejua jibu lililotakiwa. Lakini swali la darasani likiniingia masikioni, mdomo wangu hauombi ruhusa.

"Hapana," nikasema. "Haiwezi kamwe."

Akakata simu. Nimempigia tangu siku hiyo, hapokei.

Ndugu zangu mnaotaka kuoa, asali ya wakwe msiiguse hata kwa kijiko. Mkiiharibu, semeni mapema, aibu ikiwa bado ndogo. Na mtu anayelia akikuuliza swali, tafadhali, usimpe jibu la mtihani!