Anwani Elfu Mbili za Dadan

Bandung nzima haina fundi wa tovuti aliyejiandaa kama Dadan. Amehifadhi anwani elfu mbili za zana za mtandaoni: za kuchagua rangi, za kupunguza uzito wa picha, za kupima kasi ya tovuti. Tovuti yenyewe ndiyo hajawahi kumaliza hata moja, lakini hayo ni madogo.

Shangazi yake, Bi Eulis, muuza surabi, vile vikate vya unga wa mchele na tui la nazi, alikuwa akiingoja tovuti yake mwaka wa tatu sasa.

“Bado natafuta zana bora, shangazi. Haraka haraka haina baraka.”

“Baraka unazo tele, mwanangu. Tovuti ndiyo huna.”

Akamwonyesha simu. Tovuti hiyo hapo, na oda zinaingia. Ameitengeneza mwenyewe, surabi zikiwa motoni.

Dadan akakodoa macho, akakuna kidevu kitaalamu.

“Umetumia zana gani? Nipe anwani niihifadhi.”