Bado Kidogo, Ami

Kosa langu la kwanza la ubaharia lilikuwa kufumua mshono wa mtu tuliyemzika hivi karibuni. Habari za kifo chake zilinifikia kwa simu nikiwa Kilifi, ndani ya mashua yangu, nikipiga msasa mlango ambao nilikuwa nimeshaupiga msasa mara mbili. Alikuwa fundi wa matanga. Alianza kwa kushona kanzu kwao Malindi, kisha akahamia Kilifi akawa anazivisha, kama alivyopenda kusema, zile mashua ndogo za starehe ambazo watu husafiri nazo hadi Lamu na hata Zanzibar. Hatukuwa na udugu. Mimi ni mtu wa Vitengeni, kwetu ni mahindi na mihogo, na kabla ya kuinunua mashua hii kuukuu sikuwa nimewahi kushika kamba ya tanga. Lakini nilimwita Ami, kama walivyomwita vijana wote pale ufukweni, naye aliniita Bwana Rula.

Jina hilo nililitafuta mwenyewe. Ubaharia nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama video za watu ambao kamba zao hazina fundo lililokaa vibaya, na nikaamini kwamba bahari ni mtihani wa unadhifu. Tanga langu kubwa lilipochanika, Ami alitoa vipande viwili vilivyooza akatia vipya. Nililipeleka nyumbani, nikalitandaza sakafuni na kulipima. Mshono ulikuwa umepinda kwa upana wa vidole viwili. Nikajisemea kwamba mzee macho yamemwisha. Niliufumua wote, nikaushona upya, ukanyooka kama kamba iliyovutwa. Nilipolipandisha tanga lile, halikukamata upepo. Mashua ilisukumwa upande upande hadi kwenye mikoko, ikakaa topeni kwa saa kadhaa mpaka maji yalipojaa. Ami alikuwa ufukweni muda wote huo, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, ananingoja.

"Ulitaka tanga au shuka ya kitanda?" aliniuliza nilipofika.

"Lilikuwa limepinda, Ami."

"Nililipinda. Tanga lina tumbo, mwanangu, na tumbo halipatikani kwa mshono ulionyooka." Aliligeuza mikononi mwake, akautazama mshono wangu kwa makini. "Lakini mkono unao. Bahari ikikushinda, kuna mapazia."

Alilishona tena bila kulalamika. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba mzee yule, aliyezivisha mashua nyingi hata hesabu ikampotea, hakuwahi kutoka nje ya mwamba unaokinga pwani ndani ya hata moja. Wenye mashua walimshukuru, wakapandisha matanga, wakaenda zao. "Mimi nashona nguo za harusi," alisema, "harusini sialikwi." Alitaka kuona tanga lake likijaa kwenye bahari kuu. Alitaka kuiona Malindi kutoka nje, kama anavyoiona mgeni anayefika, kisha tuipite hadi Ngomeni na kurudi. Nikamwahidi nitampeleka. Sikumwahidi kwa adabu tu, nilikusudia kweli. Kilichobaki ni mashua kuwa tayari.

Wasomaji wangu wanaifahamu kasoro yangu hii, nimeshaikiri humu kwenye safu yangu zaidi ya mara moja: kwangu hakuna kitu kilicho tayari. Kila nilipopita bandani kwake nilimwamkia shikamoo, naye akiitikia marahaba alikuwa ameshainua nyusi kuuliza. "Bado kidogo, Ami," nilimjibu. Mara ilikuwa rangi, mara dira, mara taa. Nilipojificha nyuma ya methali kwamba haraka haina baraka, alijipigapiga tumboni akasema ngoja ngoja nayo ina yake, na tumbo linaloumia ni hili. Hatimaye nikamtajia Jumamosi. Alikuja mapema, amevaa kofia safi, mkononi ana mkoba na chupa ya kahawa. Mimi usiku sikupata usingizi, na alfajiri niliona kutu kwenye bolti moja chini ya mlingoti. Nikaahirisha. Alikaa pale gatini akanywa kahawa yake pole pole, akanimiminia na mimi kikombe kimoja, akaenda zake. Bolti ile niliitoa wiki hiyo hiyo nikaipiga nyundo mpaka mkono ukachoka. Haikuvunjika. Jambo hilo sikumwambia. Baadaye kifua kikaanza kumsumbua, nami nikajiambia kwamba akipona nitakuwa nimeshaumaliza mlango.

Nimekuwa nikifikiri kuhusu "bado", neno tunalolitumia kama ahadi. Ukipita kwetu Vitengeni utaona nyumba za mawe zisizo na paa, nguzo zimesimama, nyasi zimeota sebuleni. Wenyewe wako mijini, na mama zao waliambiwa, "Nikimaliza tu, utahamia." Baadhi ya mama hao wamezikwa hatua chache kutoka kwenye nyumba hizo. Hakuna aliyewadanganya. Watoto walitaka kuwakaribisha kwenye kitu kisicho na aibu, na sisi wa rika langu, tunaotazama vitu vya watu vilivyokamilika kutwa nzima kwenye simu, aibu hiyo imetuingia mpaka mifupani. Nami nilichelewa hata mazishini. Mikono ilikuwa na rangi ya ubavu wa mashua, nikaona si adabu kwenda hivyo, nikakaa kuisugua kwa mafuta ya taa. Nilifika kaburi likimwagiwa maji.

Nilipokwenda kuwapa pole jamaa zake nyumbani, binti yake mkubwa aliniletea mkoba mlangoni. "Huu ni wa safari yenu," alisema. "Alikataza tusiufungue. Kila tukitaka kuuondoa alituambia, uacheni, Bwana Rula bado kidogo." Alisema hivyo huku akijaribu kutabasamu. Ndani mlikuwa na kikoi, tende zilizokuwa zimekauka, sindano tatu kubwa, nta na uzi mweupe. Alijiandaa kulishona tanga langu njiani, kama lingechanika.

Jumamosi iliyofuata niliondoka peke yangu, mlango ukiwa haujapakwa rangi. Nje ya mwamba tanga lilijaa, likatoa tumbo kama alivyolikusudia, na pahali pa kukaa pa pili palikuwa patupu. Malindi niliiona kutoka nje: nyeupe, ndogo, kimya. Sikuona raha yoyote. Ngomeni sikufika, niligeuza.

Tangu hapo sijafumua mshono wa mtu. Mlango bado hauna rangi. Mtu akiniomba nimpeleke, simjibu tena bado kidogo. Namtajia siku, na bahari isipokataa, siku hiyo tunaondoka.