Kabari za Baba

Ulikuwa mwaka tuliokula unga wa njano. Watu wa umri wangu ukiwaambia hivyo hawakuulizi tarehe. Ugali wake ulinuka gunia, ukiumeza unakwaruza, na mboga ilikuwa dagaa wa kuchemsha kwa chumvi, maana mafuta hayakuwepo. Hayakuwepo Kigoma, nyumbani kwa michikichi! Kiwanda kilikuwa kinayanywa mawese yote na kuyatapika ndani ya mapipa, mapipa yanapanda treni yanakwenda zake. Sisi tukabaki na harufu.

Harufu hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Juzi mke wa mjukuu wangu alikoka moto kwa ubao uliomwagikiwa mawese. Moshi uliponifikia barazani nilisimama kwa miguu yangu hii mibovu, nikamwambia autoe upesi. Akadhani nimechanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Darasa la tano sikufika, lakini kichwa changu hakina kutu kama ile reli.

Reli yenyewe mnaijua. Inachepuka kutoka reli kubwa kabla hujafika stesheni, inateremka kuelekea ziwani, inapita nyuma ya choo changu na kuishia kwenye kuta za kiwanda kisicho na paa. Vijana wanaiita Reli ya Mlevi. Mlevi wanayemsema ni baba yangu, Kasimu. Eti alilewa, akasahau kulizuia behewa, likamuua. Nimeisikia hadithi hiyo harusini, nimeisikia msibani, nimeisikia bombani nikiwa na ndoo kichwani. Nimechoka.

Baba hakugusa pombe maisha yake yote. Alikuwa mkubwa wa wasukuma mabehewa. Treni ililiacha behewa kule juu, wanaume wakaliteremsha kwa mabega na kamba, taratibu, wakiimba nyimbo ambazo mama alituziba masikio tusizisikie. Pa kupakilia mapipa palikuwa kwenye mteremko, juu kidogo ya nyumba yetu. Hapo behewa lilizuiwa kwa kabari mbili, vipande vya mti mgumu vilivyochongwa upande mmoja, kimoja chini ya gurudumu la kulia, kimoja chini ya la kushoto. Miaka ya kudondokewa na mawese ilizifanya nyekundu, nzito, zenye kuteleza mkononi kama kambare.

Na kulikuwa na mwiko. Aliyetia kabari ndiye anayeitoa. Mwingine hata kuinama kuitazama haruhusiwi. "Ukichungulia kabari ya mwenzio, unamchimbia kaburi," walisema, na walimaanisha.

Jioni ile ya mvua nilikuwa nimempelekea baba mwavuli. Nilimwona kwa macho yangu akizitia, zote mbili, akizigonga kwa kisigino. Alizungumza na behewa kama mtu na ng'ombe wake. "Haya, lala hapo." Tukarudi nyumbani, yeye akapitiliza msikitini.

Kuni zetu zilikuwa mbichi, mafuta ya taa yamekwisha. Mama akatoka na khanga kichwani, akarudi na kitu kifuani kama anayebeba mtoto. Punde moto ukalipuka. Ye mama we, moto ule! Mnene, wa rangi ya chungwa, unanguruma bila kupulizwa, na moshi wake unanukia hata ule ugali wa gunia ukapata heshima.

Baba aliporudi alisimama mlangoni, pua juu. "Mwajuma, leo jikoni kwako kuna sikukuu?"

"Kula, baba. Moto hauulizwi ukoo."

Kisha mama akaniwekea makaa kwenye kigae nimpelekee jirani, maana sisi tulikuwa tunaombana moto kila siku. Nikakuta wake unawaka. Mnene, wa rangi ya chungwa, unanguruma. Yule mama alisogea haraka akasimama mbele ya mafiga, lakini nilikuwa mfupi, nikaona katikati ya miguu yake ncha nyekundu ya mti inayotoa povu.

"Rudi na moto wako, mwanangu. Wangu umeshashika."

Hakucheka, na alikuwa mama wa kucheka. Nilipompa mama jibu hilo alisema, "Alhamdulillahi, naye kapata," akaendelea kupakua.

Asubuhi mapipa yakapakiwa. Nikiwa uani nasugua sufuria niliwasikia wanaume wakianza wimbo wa kuteremsha. Baba alipita upande wa chini wa behewa kutoa kabari zake. Wenzake walimpa mgongo, kwa adabu, kama ilivyotakiwa. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Halafu behewa likapita nyuma ya nyumba yetu likiwa peke yake. Sikuwahi kulisikia likipita bila wimbo. Mpaka leo chuma kikikwaruza mahali nanyamaza, nasubiri watu waimbe.

Bwana mkubwa wa kiwanda alikuja kutazama, hakuona kabari. Akasema hazikutiwa, mtu alikuwa amelewa. Wasukuma mabehewa walijua ni uongo, wakatazama vidole vyao vya miguu. Ulikuwa mwaka wa njaa, nani atakataa kauli ya anayemlisha?

Jirani yetu ndiye aliyefika wa kwanza msibani. Yeye na mama walishikana, wakaanguka chini pamoja, hata wanawake wengine wakashindwa kuwatenganisha. Niliona ni huruma. Tangu hapo walipika jiko moja, walikwenda shamba moja, na mmoja akiongea na wageni mwenzake husogea karibu asikie. Nilidhani huo ndio urafiki. Nilikuwa nimeshaitwa bibi siku mama, yuko kitandani pa kufia, aliponivuta sikio akasema, "Mimi nilichukua moja tu. Moja ingetosha." Ndipo nikakiona kile kigae cha makaa mkononi mwangu, na nikaelewa kwamba siku ile ya msiba wale wawili walikuwa wanazibana midomo.

Basi, jueni. Kasimu hakulewa. Kabari alizitia; usiku ule behewa tupu lilishikwa na matope ya mvua tu, mpaka mapipa yalipolilemea na wenzake wakaligusa. Moja aliichoma mke wake, Mwajuma, ili watoto wake wale chakula cha moto.

Idi, mjukuu wangu anayenisomea haya kwa sauti, ameweka karatasi chini. "Na ya pili, Bibi? Huyo jirani ni nani?"

Majirani walikuwa tele, nyumba zimebanana kama meno.

"Labda ni bibi yao hao hao wanaotucheka! Mtaje, wafunge midomo."

Nikamwambia: "Mama yangu nimemtaja kwa kuwa ni wangu. Wa mwenzangu simtaji."

"Kwa hiyo watamwita babu mlevi mpaka lini? Bibi, jina moja tu!"

"Mama yangu nimemtaja kwa kuwa ni wangu. Wa mwenzangu simtaji."