Watoto Wawili wa Bi Mwanabaraka

Bi Mwanabaraka wa Shumba Viamboni, Pemba, alikuwa na watoto watatu, na majirani wote walijua. Hata hivyo, asubuhi moja mwaka 2007, akiwa uani anafunga mwani kwenye kamba, alimwambia mwalimu mgeni kuwa anao wawili tu. Mikono tu ndiyo iliyosimama.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke wa Wete, Shariffa jina lake, mpole wa maneno. Angalikuja peke yake, pengine angalikaribishwa chai. Lakini alikuja na sheha, Mzee Kificho, ambaye ndiye serikali pale kijijini, na tangu vyama vingi viingie, watu wa upande ule, wengi wao wa upinzani, hawakuwa na raha na mgeni yeyote aliyefuatana na sheha huku kalamu imo mkononi. Leo anauliza watoto wangapi, kesho atauliza baba yao yuko wapi.

Na baba yao hakuwapo. Ngwali alivuka kwenda Shimoni, Kenya, mwaka 2001, vurugu za uchaguzi zilipofika kaskazini, na mpaka leo hajarudi. Siku ile Bi Mwanabaraka alikimbilia kichakani na mimba ya mwisho tumboni, mtoto wa kwanza akining'inia kwenye kanga yake, na Moza, wa pili, mgongoni. Moza alikuwa na miaka minne, na miguu yake ilikuwa haijasimama tangu alipopatwa na homa akiwa mchanga. Milio ya bunduki ilikuwa ikisogea nyuma yao. Akiwa amejilaza juu ya majani, kiganja chake kimeziba mdomo wa Moza, mama yule alijiwekea shauri: mtoto asiyeweza kukimbia, bora wakubwa wa serikali wasijue kama yupo.

Shauri hilo alilivunja mara moja tu, Moza alipofika umri wa shule. Alimbeba mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu hakumtukana, alimwonea huruma, na huruma ile ilimuuma zaidi. Alimwambia kuwa shule si hospitali, akishapona amlete. Tangu hapo Moza alisoma chuoni tu, kwa jirani, ambako hakuna aliyemuuliza habari ya miguu, na Kurani alikuwa ameshaivuka nusu.

Basi Mwalimu Shariffa aliaga. Mzee Kificho alimtazama Bi Mwanabaraka, akalitazama pazia la mlango, akaondoka. Nyuma ya pazia lile Moza alikuwa amekaa kitako, na alikuwa amesikia kila kitu.

Adhuhuri haijaingia, jirani yake Bi Duni alikuja mbio, kanga inamvuka. Mwanawe Haroub, aliyezaliwa kiziwi, ameandikwa shule. Kumbe yule mwalimu kazi yake ndiyo hiyo, anazunguka nyumba kwa nyumba. Alieleza kuwa huko Unguja imepitishwa sheria ya haki za watu wenye ulemavu, na mtoto hakataliwi tena shule kwa sababu ya mwili wake. Bi Duni alicheka huku machozi yanamtoka, kisha akauliza Moza amepangiwa darasa la ngapi.

Kile Bi Mwanabaraka alichokwenda kukiomba akanyimwa kimekuja chenyewe mpaka uani kwake, kimesimama mbele yake na kumuuliza kwa adabu kama ana mtoto, naye amejibu hana.

Aliingia ndani, akainama kama kawaida ili Moza apande mgongoni. Moza hakupanda.

"Unanionea haya," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Haya? Mwanangu, mie nikuonee haya weye?"

Ikabidi amweleze. Moza siku zote aliambiwa baba amekwenda kutafuta riziki. Sasa alisikia habari ya kichaka, ya milio, ya kiganja mdomoni. Alisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye mkeka.

"Haikuwa haya," mama alimaliza. "Ilikuwa hofu. Wenzako wangeweza kukimbia. Weye huwezi."

"Basi ni miguu," alisema Moza. Akapanda mgongoni, wakashika njia ya kwa sheha.

Barazani kwa sheha, mahali ambapo Bi Mwanabaraka hakuwahi kukanyaga, wanaume walikuwa wakicheza karata. Mmoja alisema leo kuna jambo, huyu bibi amepotea njia. Mzee Kificho hakucheka.

"Vipi, Bi Mwanabaraka? Umejifungua tangu asubuhi?"

"Nilisema uwongo, Sheha. Huyu ni wangu. Naomba aandikwe."

"Nilijua ni uwongo. Nikasema nikustiri, maana niliona unamwonea haya. Wapo wengi hivyo."

Hilo ndilo lililommaliza. Miaka yote akimwogopa mtu huyu, na yeye naye alikuwa akimhurumia kwa kosa asilokuwa nalo. Alitaka kusema, lakini mbele ya wanaume wale angelianzia wapi, Shimoni? Aliubeba ubaya huo pamoja na mtoto. Mzee Kificho alimwita mwalimu, aliyekuwa bado anakula ndani, na Moza akataja jina lake mwenyewe.

Siku ya kwanza ya shule Bi Mwanabaraka alikwenda amejiandaa kwa ugomvi. Mwalimu mkuu alikuwa ni yule yule. Alisimama juu ya ngazi za darasa, akamtazama Moza mgongoni, akapisha mlango.

"Mlete ndani," alisema.

Basi. Neno moja lililokuwa limekosekana miaka yote. Bi Mwanabaraka alibaki kaduwaa, mguu mmoja juu ya ngazi, hasira zote zimekosa pa kwendea.

"Nishushe, mama," alisema Moza.

Alimshusha. Mtoto alizipanda ngazi kwa mikono, sketi mpya ikiburura vumbi, akapita katikati ya madawati na watoto wote wakimkodolea macho. Mama yake alisimama mlangoni, anangoja ageuke amwangalie. Moza alifika mbele, akaketi chini ya ubao, akauelekezea uso.