Hema Lililogoma Kukunjuka

Mpaka sasa nina hasira, na wa kumkasirikia sina ila mimi mwenyewe.

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Olasiti. Wiki iliyopita nilinunua hema la kufunga juu ya gari. Nilichagua lenye turubai zito lisilochanika ovyo, na muuzaji wa duka moja mtaa wa Sekei, mama mtu mzima, alinihakikishia kwamba ukivuta ngazi tu linakunjuka lenyewe. Nyumbani nilivuta hadi mishipa ya shingo ikanitoka. Halikutikisika, na wageni wangu walikuwa wanafika kesho yake!

Nikaendesha hadi dukani, hema likiwa juu ya gari, nikifoka peke yangu. Wateja walikuwa wamejaa.

"Mama, umeniuzia takataka!"

"Baba, hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo ya nini kwa mwizi?"

Watu wote wakatoka nje kutazama. Nikampigia dereva mwenzangu, Lomayani, kwa video, ili ashuhudie na kuwaonya wengine. Sauti nikaiweka juu kabisa. Kwa mkono mmoja nimeshika simu, kwa mwingine navuta ngazi huku natukana.

"Umeona utapeli huu?"

Lomayani akasogeza uso karibu na skrini. "Naona, kaka. Hebu zunguka na simu upande wa pili."

Nikazunguka.

"Sasa hiyo mikanda miwili iliyolibana hema, ulitaka nani akufungulie?"

Kicheko kilichoripuka hapo sijapata kusikia mfano wake. Nikageuka, nikakutana uso kwa uso na mama niliyemwita mwizi.