Birika Mgongoni mwa Simu ya Khisa

Shemeji yangu Khisa hajawahi kuwa na kazi ila mdomo. Harambee, mazishi, sherehe za tohara, popote kijijini Ndalu palipo na spika mbili na viti vya plastiki, utamkuta ameshika maikrofoni akiita watu "waheshimiwa". Dada yangu Edah analima, yeye anatambulisha wageni. Mimi namdharau na sifichi, hata yeye anajua.

Uchaguzi uliopita alimfuata Bwana Wakhungu, aliyetaka ubunge kwa alama ya birika. Wakhungu aligawa vishikio vya simu, vile vya kubandika nyuma upitishe vidole isikuponyoke, vimekatwa umbo la birika kamili, na mdomo wake na mkono wake. Wengine walitia simu mfukoni kama watu. Khisa akaivaa kwenye mfuko wa shati, mgongo nje, ati birika lionekane. Alitembea nalo juani kampeni nzima, na baadaye miaka yote akingojea kukumbukwa. Wakhungu alishindwa, wala hakumkumbuka.

Basi majuzi akaja saluni kwangu Kitale, amevaa koti la mazishi na jua lote lile. Mama Nelima, mpinzani wa Wakhungu tangu zamani, alikuwa anakuja Ndalu Jumamosi kuchagua mtu wa kumshikia maikrofoni kampeni nzima. Khisa aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, dada yangu akiwemo.

"Shem, nisaidie. Hii kitu imekataa kutoka."

Simu ilikuwa na mikwaruzo kando ya birika. Alikuwa amejaribu kisu cha kukatia mboga ya sukuma.

"Ungepasua huu mgongo, ama utoboe betri ikuchome," nikamwambia. "Si ungeuliza kwanza?"

"Si ndiyo nimekuja kuuliza, bana. Na usiambie mtu."

Nikaizima simu. Nikapuliza birika kwa draya ya kukaushia nywele, moto mdogo, nikiisogeza na kuiondoa, maana betri haipendi kuchemshwa. Gundi ilipolegea nikachukua uzi wa kushonea nywele za wiving, nikaupenyeza chini ya birika, nikauvuta huku na huku polepole mpaka likaachia. Gundi iliyobaki nikaisugua kwa kidole ikajikunja, halafu nikapangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Dawa ya kutoa rangi ya kucha sikuigusa, hiyo inakula plastiki. Birika nikalitupa kwenye debe la nywele.

Kisha tukatazama. Ile simu nyeusi ilikuwa imepauka kwa jua, rangi ya majivu kabisa. Katikati tu ndipo palipobaki peusi, na pale peusi palikuwa birika, mdomo na mkono, kama limechorwa.

"Nunua kava," nikasema.

"Kava hapana. Mama anapeana vishikio vyake. Akiona nimebandika cha kwake, nimeingia."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwacha aende.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Edah, naye hakuwa anacheka. Kishikio cha Mama Nelima kilikuwa kiduara kidogo tu. Khisa akakibandika katikati, akasimama mstari wa mbele, akainua simu juu kumrekodi Mama. Mdomo wa birika ukatokeza upande huu, mkono upande ule. Mama akakatiza hotuba, akatazama.

"Khisa," akasema kwenye spika, "chai ya Wakhungu bado ni moto?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Maikrofoni akapewa Viola, mwalimu wa kwaya, na Khisa akarudi nyumbani kwa miguu akipitia shambani asikutane na watu.

Nilidhani aibu itamfunza. Thubutu. Jumatatu asubuhi nilimkuta mlangoni kabla sijafungua, na koti lilelile. Hata salamu hakutoa vizuri. Ati amesikia Wakhungu anasimama tena. Nilipofungua akaenda moja kwa moja kwenye debe, akachuchumaa, akaanza kupekua nywele za wateja wangu akitafuta birika lake.

Nilitaka kumcheka nikashindwa. Nilimwonea aibu dada yangu, kwamba huyu ndiye mume anayempikia.

"Shem," akasema, kichwa bado kiko ndani ya debe, "gundi yake si itashika tena?"