Mti wa Sabini na Mbili

Mashdi Safarali aligawa maji ya mtaa ule wa Tehran kwa miaka thelathini na mmoja, na miti yake hakuwahi kuihesabu ila kutoka juu. Angehesabuje vingine? Maji yanatoka mlimani. Yanashuka na mfereji wa kando ya barabara, naye anashuka nayo, beleshi begani, akifungua hapa, akiziba pale kwa gunia la mchanga, mpaka kila mchinari, miti ile mirefu ya kivuli, upate zamu yake ya kunywa. Wa kwanza ulikuwa penye ukuta wa shule ya wasichana. Wa mwisho, wa mia na kumi na mbili, ulikuwa kule chini mlangoni pa stesheni ya treni.

Kipenzi chake kilikuwa wa sabini na mbili, mbele ya kibanda cha Faramarz mchonga funguo. Mwaka mmoja wa ukame, mfereji ulipokauka, aliubebea maji kwa ndoo kiangazi kizima kutoka bomba la msikitini. Mtaa mzima ulijua.

"Mashdi, mke wako wa pili hajambo?" Faramarz alimtania kila asubuhi.

"Hajambo. Tena huyu hanisemi nikichelewa."

Majira ya machipuko walikuja vijana wa idara ya bustani na vishikwambi. Wakapima kila mti unene, wakaupiga picha, wakauingiza kwenye programu: nukta ya kijani kwa mti mzima, nyekundu kwa uliokufa. Namba hawakuzipigilia kwenye magome, maana msumari unauumiza mti. Zilikaa humo humo ndani ya kioo. Safarali aliwapenda kwa hilo. Alichokuwa hajui ni kwamba vijana wale walikuja kwa treni. Mti wa kwanza waliokutana nao walipotoka stesheni, ndio ukawa namba moja.

Mwishoni mwa kiangazi mchinari wake wa arobaini na moja, ulioinamia kituo cha basi, ukakauka kabisa. Aliugonga kwa mpini wa beleshi, ukalia kama kabati tupu. Akapiga simu ofisini. Akapokea Tarlan, binti anayeshughulikia ile programu.

"Pole na kazi, binti yangu. Arobaini na moja umekufa. Utaangukia watu huu."

"Arobaini na moja, mtaa wako, upande wa mashariki?"

"Huo huo."

"Nimeshaingiza, Mashdi. Laiti wote wangekuwa wanaripoti kama wewe!"

Siku ile alikunywa chai kwa raha, kibonge cha sukari kati ya meno.

Jumanne, siku ya tisa tangu apige simu ile, alikuwa juu penye ukuta wa shule akifungua maji, akasikia msumeno wa mashine. Akatega sikio. Sauti ilikuwa inatoka mbali mno. Kituo cha basi kiko karibu, ile ilitoka chini kabisa. Akatupa beleshi akakimbia, na magoti yake yale ya miaka sitini na tatu.

Alipofika kwa Faramarz, matawi mabichi yalikuwa yamejaa barabarani.

"Zima! Zima hiyo! Huoni majani?"

Nosrat, msimamizi wa wakataji, alikuwa akimfahamu siku nyingi. "Naona, Mashdi. Lakini macho yangu hayana saini." Akamwonyesha kioo. Nukta nyekundu. Namba 41, umekufa, hatari. Chini yake jina la aliyeripoti: Safarali Qanbari.

"Arobaini na moja uko kule juu! Huu ni wa sabini na mbili!"

"Ukihesabu kutoka wapi?"

"Kutoka juu!"

Nosrat akajikuna shingo. "Humu wanahesabu kutoka stesheni."

Safarali akageuka kutazama stesheni. Midomo ikaanza kuhesabu, kisha ikaacha.

Akampigia Tarlan. "Ee Mungu wangu," binti akasema, na vidole vyake vikasikika vikigonga, vikigonga. "Inakataa, Mashdi. Nyekundu naiweka mwenyewe. Kurudisha kijani mpaka mtaalamu aukague, kamati isaini. Nimetuma ombi. Wana siku kumi za kazi."

"Na msumeno una siku ngapi?"

Tarlan akaanza kugonga upya.

Nosrat naye akampigia mkubwa wake, akasikiliza, akashusha simu. "Anasema matawi ya upande mmoja yameshakwenda, uzito wote uko upande wa pili. Tukiuacha hivi utaanguka. Nimalizie." Kisha akasema taratibu, "Sogea, kaka yangu."

Hakusogea. Vijana wawili wakamshika mikono, kama wanamvusha barabara. Faramarz akatoa kiti chake mwenyewe, akamkalisha. Utani wote ulikuwa umemwishia.

Kufika adhuhuri kilibaki kisiki cheupe, kimelowa.

"Wanasema uliyeripoti ni wewe," Faramarz akanong'ona.

"Ni mimi."

Asubuhi iliyofuata alishuka na maji kama kawaida. Pale kwa Faramarz mkono wake ulifungua mfereji kwa mazoea, maji yakaingia kwenye shimo, yakazunguka kisiki. Aliyaacha kidogo, kisha akaziba. Akapanda tena hadi kituo cha basi. Mti mkavu ulikuwa umesimama vile vile, na chini yake wanawake watatu na msichana wa shule wakingoja basi. Akatoa simu.

"Nipe namba, Mashdi," Tarlan akasema. "Naingiza sasa hivi."

Namba aliijua. Alikuwa ameshahesabu kutoka stesheni mara tatu.

"Sabini na mbili," akasema.

"Sabini na mbili. Una uhakika?"

Maji yalikuwa yakipita miguuni pake, yakishuka.

"Hata siku ile nilikuwa na uhakika, binti yangu."